Mpira Unaziba, Meno Yanashika: Historia Fupi ya Maungio ya Bomba



Leo naweka pembeni mtama, alizeti na zabibu. Nataka tuzungumze kuhusu kitu kidogo kilichojaa kwenye kila duka la vifaa vya maji: kapulingi ya kuungia bomba. Najua wengi mnasema hiyo ni kazi ya fundi. Nami nilisema hivyo, mpaka iliponifedhehesha.

Ilikuwa miaka yangu ya mwanzo kazini, katika kijiji kimoja wilayani Chamwino. Kikundi cha bustani kilichangishana, kikanunua bomba za poli za milimita 32, ili kuvuta maji mita 400 kutoka tangi la kijiji hadi kwenye mboga. Ilikuwa mwezi wa saba. Tulitandaza bomba saa sita mchana, jua kali, mtaro bado haujachimbwa. Kwa kuwa bomba lilikuwa fupi kidogo, tulilivuta likanyooka kama kamba ya kuanikia nguo, tukaunga haraka haraka. Maji yakatoka, watu wakapiga vigelegele, mimi nikapiga picha za ripoti.

Alfajiri simu ikalia. Maungio mawili yalikuwa yameachana na tangi lilikuwa tupu. Siku hiyo kina mama wa kijiji kizima walirudi korongoni kufukua mchanga kutafuta maji. Maneno yakaanza: fundi ameweka kapulingi feki, fundi amekula chenji. Fundi akaapa kwamba hakula kitu. Wanachama sita wakadai warudishiwe michango yao, na kikundi kikabaki kidogo tu kivunjike.

Kapulingi zilikuwa nzima. Kuelewa kilichotokea kulinilazimu kujifunza hivi vitu vilitoka wapi, na ndiyo historia ninayowaletea leo.

Kazi mbili za maungio

Shika jambo hili moja, mengine yote yatafuata. Maungio ya bomba yana kazi mbili. Ya kwanza ni kuziba, yaani maji yasivuje. Ya pili ni kushika, yaani bomba lisichomoke. Watu wengi huangalia ya kwanza tu. Historia yote ya maungio ni historia ya mafundi waliohangaika kuzifanya kazi hizo mbili kwa pamoja.

Enzi ya risasi na moto

Mwaka 1785 huko London, mhandisi Thomas Simpson wa kampuni ya maji ya Chelsea alitengeneza mabomba ya chuma cha kusubu yenye mdomo mpana upande mmoja. Ncha ya bomba moja iliingia kwenye mdomo wa jingine. Nafasi iliyobaki ilijazwa kamba ya nyuzi, kisha risasi iliyoyeyushwa ikamiminwa juu yake. Risasi ikipoa hujikunja kidogo, kwa hiyo fundi aliipigilia kwa nyundo na patasi mpaka ikaze.

Mtindo huo ulienea duniani kwa zaidi ya miaka mia moja. Katika pwani yetu, Sultani Barghash aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888 anakumbukwa kwa kuingiza maji mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Huku bara, reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Ugogo, ikafika Kigoma 1914. Injini za mvuke zilikunywa maji kuliko ng'ombe, kwa hiyo kwenye nchi kavu kama yetu suala la maji ya stesheni halikuwa dogo.

Risasi iliziba vizuri, ila ilishika kidogo. Ardhi ikititia au bomba likitikisika, maungio yalianza kulia machozi. Na kuyatengeneza kulihitaji moto, risasi na fundi aliyebobea. Kijiji kisichokuwa na fundi huyo kilisubiri.

Enzi ya uzi, na chanzo cha inchi

Mwaka 1841, Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza nchi nzima itumie uzi wa aina moja kwenye skrubu na bolti. Kabla ya hapo kila karakana ilikata uzi wake, na nati ya karakana moja haikuingia kwenye bolti ya nyingine. Kutokana na uzi wa Whitworth ukatokea uzi wa mabomba wa Kiingereza, na Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vipimo vyao vilikuja na mabomba yao. Ndiyo maana mpaka leo mtu wa Mpwapwa anaomba dukani soketi ya nusu inchi au robo tatu. Bomba la chuma la nusu inchi na la robo tatu yana meno 14 kwa kila inchi moja ya urefu, na la inchi moja lina meno 11.

Uzi ulifanya kazi nzuri ya kushika. Kuziba kulihitaji msaada: fundi alizungushia nyuzi za katani na kupaka rangi ya mafuta. Siku hizi tunazungushia ile tepu nyeupe. Imetengenezwa kwa plastiki iliyogunduliwa kwa bahati na mkemia Mmarekani Roy Plunkett mwaka 1938, alipokuwa akitafuta gesi ya majokofu.

Katika eneo letu bomba la chuma lina historia nzito. Operesheni Dodoma ya 1970 hadi 1971 iliwakusanya watu kwenye vijiji, na mwaka 1971 serikali ikaanza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, lengo likiwa kila mwananchi apate maji safi ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Lengo halikufikiwa. Sababu ni nyingi, lakini tembea kijiji chochote cha zamani utaona mabaki: bomba la chuma lililooza kwenye uzi, mahali ambapo chuma kilikatwa kikawa chembamba, na hakuna mtu kijijini aliyekuwa na mashine ya kukata uzi mpya.

Enzi ya mpira

Mapinduzi ya kweli yalikuja na mpira. Mpira wa asili ukipata joto hunata, ukipata baridi hupasuka. Mwaka 1844 Mmarekani Charles Goodyear alipata hataza ya njia ya kuupika pamoja na salfa ili ubaki imara na wenye kunyumbuka.

Katika miaka ya 1880, kwenye maeneo ya mafuta na gesi ya Pennsylvania, Solomon Dresser akaunda kapulingi isiyohitaji uzi wala risasi. Ncha mbili za bomba ziliingia kwenye kipande cha mrija mfupi, pete ya mpira ikawekwa kila upande, na bolti zikazikandamiza pete hizo. Gesi, ambayo ni nyepesi kuvuja kuliko maji, ikatulia. Fundi mwenye spana tu aliweza kuifunga, na bomba lilipojivuta kidogo kwa joto au baridi, mpira ulivumilia.

Lakini kapulingi ile iliziba tu, haikushika. Ukilivuta bomba kwa nguvu, hutoka. Ndiyo sababu hata leo ukiona mafundi wa bomba kubwa za pete ya mpira wakimwaga zege kwenye kona, usidhani wanapoteza saruji. Maji yakipinda kona yanasukuma bomba litoke, na zege ndilo linaloshika.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, afisa Mwingereza Ernest Tribe akaleta jibu jingine. Alichonga mfereji mwembamba kuzunguka ncha ya kila bomba, akaweka mpira juu ya maungio, kisha akafunika kwa vipande viwili vya chuma vinavyouma ndani ya mifereji ile. Mpira ukaziba, chuma kikashika. Zaidi ya hapo, mpira ule uliundwa ili presha ya maji yenyewe iukandamize kwenye bomba: presha ikipanda, unaziba zaidi. Maungio ya aina hiyo yanaonekana leo kwenye mabomba ya kuzimia moto katika majengo makubwa.

Enzi ya poli, na kapulingi ya dukani kwako

Mwaka 1933, wakemia wa kampuni ya ICI huko Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson, walikuta kitu cheupe kama nta kwenye chombo chao cha majaribio. Hiyo ndiyo polithini ya kwanza. Mwaka 1953 Mjerumani Karl Ziegler akapata njia ya kutengeneza ile iliyo ngumu zaidi, na kutoka hapo likaja bomba jeusi tunaloliita poli. Halipati kutu, hujipinda, na roli moja hubebwa kwa pikipiki.

Poli jembamba halikatwi uzi. Kwa hiyo fungua kapulingi yake utazame ndani. Utakuta pete ya mpira: hiyo inaziba. Utakuta pete ya plastiki yenye meno: hiyo inashika. Ukikaza nati, meno yanauma bomba. Ni akili ileile ya Tribe, ila kwa bei ya mkulima, na unaifungua kwa mkono.

Sasa rudi kwenye aibu yangu. Poli hurefuka kwa joto na kufupika kwa baridi: kama milimita 0.2 kwa kila mita, kwa kila nyuzi moja ya joto. Bomba la mita 100 likipoa kwa nyuzi 20 linataka kufupika sentimita 40. Letu lilikuwa mita 400, jeusi, juu ya ardhi, limevutwa mchana wa jua. Usiku wa Julai mnaujua. Likajikunja kwa nguvu, na pale ambapo kwa haraka zetu ncha haikusukumwa mpaka mwisho, meno yaliuma ukingo tu. Mpira uliziba vizuri mpaka dakika ya mwisho. Kilichokosekana ni kushika.

La kufanya wewe mkulima

1. Chimba mtaro kwanza. Laza bomba kwa kulinyonganyonga kama nyoka, usilivute.
2. Unga asubuhi au jioni bomba likiwa limepoa.
3. Kata ncha iwe sawa, chonga ukingo, pima kina cha kuingia na uweke alama kwa kalamu. Alama isipofika, hujaunga.
4. Kama ncha ni ngumu kuingia, paka maji ya sabuni. Usipake oili ya pikipiki, inaharibu mpira.
5. Maji yakivuja, jiulize: kilichoshindwa ni kuziba au kushika? Likivuja bila kuchomoka, angalia pete ya mpira. Likichomoka, angalia meno na kina. Kufunga tyubu ya baiskeli ni kuziba bila kushika, dawa ya siku moja.
6. Kila mita 10 za mteremko kutoka kwenye tangi huongeza presha ya baa 1. Tangi likiwa mita 60 juu ya shamba, bomba la PN6 limefika mwisho wa uwezo wake.

Kwako mwenye duka

Bomba la chuma hutajwa kwa inchi, poli hupimwa kwa milimita za nje. Poli ya 20 huenda na nusu inchi, 25 na robo tatu, 32 na inchi moja, 63 na inchi mbili. Lakini bomba la chuma la inchi moja lina milimita 33.7 kwa nje, haliingii kwenye kapulingi ya 32. Anayeunga chuma na poli muuzie adapta yenye uzi upande mmoja. Weka pia pete za mpira za akiba. Mteja akikosa pete ya bei ndogo atatupa kapulingi nzima.

Kwa nini nasisitiza

Tuseme maungio yako yanajaza ndoo ya lita 20 kwa saa moja. Hizo ni ndoo 24 kwa siku, 720 kwa mwezi. Ndoo ikiwa shilingi 50, umemwaga 36,000. Na hapa kwetu maji hayarudi kwa haraka. Vipimo vya muda mrefu vya visima vya Makutupora, vinavyonywesha mji wa Dodoma, vimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya maji ya chini ya ardhi hujazwa na misimu michache yenye mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Miaka mingi ya kawaida hujaza kidogo sana. Kinachovuja leo huenda kinasubiri mvua ambayo mtoto wako ataiona akiwa mtu mzima.

Kikundi kile hakikuvunjika. Tulichimba mtaro, tukanunua mita chache za kuongezea, tukaunga upya saa moja asubuhi kwa kapulingi zilezile. Kisha mwenyekiti aliitisha mkutano, na mimi nikasimama mbele ya watu nikamwomba fundi radhi. Hakujibu neno. Alichukua spana yake, akaenda kukagua maungio ya mwisho upande wa bustani.

Tuonane shambani.