Mapambo ya Arusi Yatokayo Mwituni

Hivi karibuni tulialikwa arusini kwa jirani zetu. Jamaa za bibi arusi walikwenda mwituni alfajiri, wakarudi na ukindu, matawi mabichi na maua ya porini. Wakaketi kivulini wakisuka mashada, kisha wakafunga tao la majani mlangoni mwa kanisa. Ndipo mzee mmoja akasema, "Haya ni mambo ya kishenzi." Kijana mmoja akaongeza, "Tena ni ya kimaskini. Mjini watu hukodi maua ya plastiki." Mama wa bibi arusi hakujibu neno, alianza kufungua kamba alizozifunga mwenyewe. Tao likashushwa, na bwana arusi akakopa fedha za kukodi mapambo ya dukani. Nasi tulirudi nyumbani na maneno yale mawili moyoni, ushenzi na umaskini. Tumeona yafaa tuyapime kwa mizani ya historia.

Tuanze na neno la kwanza. Katika Rumi ya kale, mwanamwali aliyeolewa alivaa shada chini ya utaji wake. Mwandishi Festus ametuachia habari kwamba shada hilo lilikuwa la maua na majani aliyoyachuma bibi arusi kwa mikono yake mwenyewe. Desturi hiyo ilikuwako kabla Warumi hawajamjua Kristo, na kwa sababu hiyo baadhi ya Wakristo wa zamani waliichukia. Tertullianus, mwalimu wa Karthago katika nchi iitwayo leo Tunisia, aliandika mwanzoni mwa karne ya tatu kitabu kizima juu ya mataji. Alishika kwamba mataji ni ya ibada ya sanamu, na hata taji la arusi hakulisamehe. Basi mzee wetu si wa kwanza kusema alivyosema. Ametanguliwa na mtu mkubwa, naye ni mwana wa Afrika.

Lakini shauri halikuishia hapo. Karne ya nne ilipokuwa ikielekea mwisho, Yohana Krisostomo, aliyekuwa padre wa Antiokia na baadaye askofu wa Constantinople, alihubiri juu ya mataji hayo ya arusi, wala hakuwaamuru watu wayatupe. Aliwafundisha maana yake: taji ni alama ya ushindi, kwamba wawili hawa wamefika arusini bila kushindwa na tamaa. Mpaka leo makanisa ya Kiorthodoksi, pamoja na yale ya Kenya na Uganda, huwavika maarusi mataji. Tena tusomapo Nehemia sura ya 8, twaona watu wa Mungu wakitumwa mlimani kuleta matawi ya mizeituni, mihadasi na mitende, wajenge vibanda vya sikukuu. Jani halina dini. Dini imo moyoni mwake alifungaye.

Sasa neno la pili. Tarehe 29 Aprili 2011, Prince William wa Uingereza alimwoa Catherine Middleton katika kanisa la Westminster Abbey, mjini London. Watu hao hawakukosa fedha za kununua dhahabu. Walakini ndani ya kanisa hilo ilisimamishwa miti 8 iliyo hai, yenye mizizi yake vyomboni, kila mmoja urefu wa kama meta 6, na bibi arusi akapita katikati yake kama apitaye njia ya mwituni. Katika shada lake mlikuwa na vijitawi vya mhadasi uliopandwa na Malkia Victoria huko Osborne mwaka 1845. Na lesi ya nguo yake ilishikizwa kwa mkono na mafundi walionawa mikono kila nusu saa na kubadili sindano kila saa tatu. Je, huo ni umaskini?

Wala hatuna haja ya kusafiri mbali. Wanawake wa pwani yetu tangu zamani hufunga kikuba cha asumini, rehani na mkadi, na harufu yake hutangulia kutangaza arusi kabla ngoma haijasikika. Na mkeka wa ukindu, watu wauonao sokoni hawajui ulikotoka. Makuti machanga hukatwa, huanikwa, huchanwa, hutiwa rangi, husukwa ukili mrefu, kisha kili hushonwa pamoja mpaka mkeka ukamilike. Shangazi akimtandikia mwari mkeka alioushona, amempa siku nyingi za maisha yake. Maua ya kukodi hurudi dukani arusi ikiisha. Deni peke yake ndilo linalobaki nyumbani kwa maarusi.

Walakini twapaswa kuonyana jambo moja. Mwitu si ghala lisilokwisha. Shina la mkindu likikatwa kilele chake hufa. Bali ukichukua makuti machache na kuacha kilele, litachipua tena. Mhadasi wa Osborne ulikuwa na miaka 166 siku ile ya arusi, kwa kuwa waliotangulia walichukua vijitawi tu wakaacha mti. Afungaye tao leo na akumbuke binti atakayeolewa kesho.

Wazee walitwambia, usiache mbachao kwa msala upitao. Hatusemi kwamba kila kitu cha dukani ni kibaya, wala kwamba kila desturi ya kale ni njema. Twasema hivi: kazi ya mikono ya jamaa isiaibishwe mlangoni mwa kanisa kwa maneno yasiyopimwa. Basi, ndugu, arusi ijayo tukimwona mama amefika na mzigo wa majani kichwani, tumpokee mzigo, tumshikie ngazi.