Stara ya Mgonjwa: Kutoka Hema la Rufaida Hadi Gauni la Hospitali



Mabibi harusi wengi tunaowashonea siku hizi wanaolewa na kusafiri: Muscat, Dubai, London, Toronto. Somo humfunza mwari mambo mengi, na sanduku hujaa madera, kanga na udi. Nguo moja hakuna anayeizungumza, nayo ni gauni la hospitali. Gauni hilo ni fupi, limeachwa wazi mgongoni na hufungwa kwa kamba mbili. Limekatwa hivyo ili muuguzi amhudumie mgonjwa aliyelala bila kumnyanyua. Kwa fundi ni mshono rahisi. Kwa mwanamke aliyelelewa na stara, linaweza kumfanya asiende kutibiwa kabisa.

Uuguzi na stara si mambo mageni kwetu. Bibi Rufaida al-Aslamiyya (Allah amridhie) aliuguza majeruhi Madina zama za Mtume (s.a.w.). Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliamuru apelekwe kwenye hema la Rufaida, karibu naye, apate kumjulia hali. Hapo mgonjwa alitibiwa jeraha, na wakati huohuo alikuwa karibu na watu wake na ibada yake.

Hospitali za kisasa zilichelewa kulitazama jambo hili. Katika miaka ya 1950, muuguzi wa Kimarekani Madeleine Leininger alifanya kazi na watoto wenye maradhi ya akili mjini Cincinnati. Aliona kuwa watoto wa asili mbalimbali hawaliwaziki kwa njia moja, na mafunzo yake hayakumwandaa kwa hilo. Akasomea mila za binadamu, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaenda kuishi na watu wa Gadsup, Papua New Guinea. Mwaka 1974 alianzisha chama cha wauguzi wanaojifunza kumhudumia mtu pamoja na mila na imani yake.

Turudi kwenye gauni. Mwaka 2004, hospitali moja mjini Portland, jimbo la Maine, iligundua kuwa baadhi ya wanawake wa Kisomali hawafiki siku walizopangiwa kwa sababu ya lile gauni. Ingekuwa rahisi kusema wanawake hao ni wakaidi. Hospitali iliuliza, kisha ikatengeneza vazi la kuwasitiri. Miaka miwili baadaye, hospitali ya Royal Preston, Uingereza, nayo ilileta vazi linalofunika mwili mzima pamoja na kichwa. Hebu fikirini: kilichomzuia mtu kupata tiba kiliondolewa kwa kitambaa, mkasi na cherehani.

Wala si nguo peke yake. Mgonjwa wa sukari anayefunga Ramadhani bila kumwambia muuguzi anaweza kuanguka, kwa sababu dawa ilipangwa kwa mtu anayekula mchana. Sindano ya heparini, inayozuia damu kuganda, kwa kawaida hutokana na utumbo wa nguruwe, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kama ipo dawa mbadala. Muuguzi naye asidhani Waislamu wote ni sawa. Mmoja atakubali kuzalishwa na mwanamume, mwengine hatataka. Dawa yake ni kuuliza.

Nasi tuna wajibu wetu, dada. Dini yetu si nzito. Mgonjwa ameruhusiwa kula Ramadhani na kulipa baadaye, na daktari mwanamke akikosekana, dharura inamruhusu mwanamume, afunue pale panapohitajika tu. Basi ukifika ugenini, usikae kimya wala usikimbie kliniki. Omba muuguzi wa kike mapema, omba mkalimani asiye mumeo wala mtoto wako, sema unachokula na unachofunga. Na katika sanduku, weka kanga mbili na ushungi wa mikono mirefu kwa ajili ya hospitali. Haya ni maneno ya kumwambia mwari kabla hajapanda ndege.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu, awahifadhi walio mbali na kwao, na awalipe kheri wauguzi wote wanaotusitiri. Amin.