Njaa Nene

Katika zahanati moja hapa Bagira, Bukavu, pamebandikwa karatasi inayotangaza "utapiamlo wa uzito uliokithiri". Mama mmoja aliisoma kwa sauti, kisha akaniuliza: "Mama munene vile, bwaki inamupata namna gani?"

Ana haki ya kuuliza. Bukavu nzima utapiamlo ni bwaki, maradhi yaitwayo unyafuzi Tanzania, yaleyale ambayo watafiti wa taasisi ya IRSAC huko Lwiro waliyachunguza kwa watoto wa Bushi miaka ya 1950. Karatasi inamtajia bwaki, halafu inamwonyesha mtu mnene.

Kinachokusudiwa twakijua: mwili umejaa mafuta, damu imepungukiwa vitamini. Mimi nakiita njaa nene. Mara tatu nimeliandika neno hilo katika tafsiri nilizopewa, na mara tatu limerudi limekatwa kwa wino mwekundu, pembeni wameandika kwamba njaa hainenepi.

Waliokata wangesikiliza kwanza lugha. Sauti nene haina mafuta. Ni sauti nzito, itokayo chini. Kamba nene haijala kitu. Unene kwa Mswahili ni kipimo cha umbo, na haujawahi kuahidi kwamba ndani mna lishe. Ahadi hiyo imo katika kunona: ng'ombe aliyenona, nyama iliyonona. Nene na nono zinafanana kwa sauti kiasi cha kudhaniwa ndugu, lakini wazee waliziachia kila moja kazi yake. Mtu aweza kunenepa asinone! Lugha ilikuwa na tofauti hiyo kabla Casimir Funk hajabuni jina la vitamini mwaka 1912.

Wapo wanaoipigia debe "kiribatumbo". Kiriba, kutoka qirba ya Kiarabu, ni mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji. Ni neno la kumtania mwenye kitambi, si la kumwita mgonjwa, wala halisemi lolote juu ya upungufu. "Njaa fiche" ni nzuri zaidi, nakiri, ila inamhusu hata aliyekonda. Na hoja ya kwamba istilahi lazima ipitie kamati siikubali. Cicely Williams alipoyapa maradhi ya bwaki jina la kitabibu mwaka 1935, alilichukua kwa wasemaji wa Kiga wa Ghana, watu waliokuwa wakiuguza watoto wao.

Mama yule nilimjibu: ni njaa nene. Akasema, "Aah, anashiba, lakini njaa haimutoke." Sikuongeza kitu.

Kuhusu matumizi: "ana njaa nene", wingi haubadiliki. Huhusu, kwa mfano, vitamini D, ambayo huzama katika mafuta ya mwili na kupungua damuni, au vitamini A kwa anayeshiba bugali wa muhogo na sukari bila sombe, lengalenga wala mawese.

Tafsiri ya nne iko mezani kwangu wiki hii, na neno limo.