Wakula-mukuba: kazi ya bankambo yetu katika Katanga

Sisi watu wa Lubumbashi tumezoea kuhesabu historia ya mukuba tangu mwaka 1911, wakati tanuru la Union Minière liliyeyusha kwa mara ya kwanza, mwaka mmoja nyuma ya kuzaliwa kwa mji. Watoto wanaona shemine ile kubwa na wanasema: « Bazungu njo balileta mukuba. » Hapana. Kule Naviundu, pembeni ya mji wetu huu huu, wachunguzi walikuta mabaki ya kuyeyusha mukuba ya karne ya 4.

Kwa Basanga, kazi hiyo ilifanywa wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha. Wanaume walichimba na kuchoma makala. Wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, na moto ukapulizwa kwa mivuo ya ngozi. Mukubwa wa kazi alikuwa na dawa zake na maombi yake kwa bankambo, na hakufundisha kila mtu. Ndiyo waliitwa « wakula-mukuba », jina ambalo Mgr Jean-Félix de Hemptinne alilitia juu ya maandishi yake ya mwaka 1926. Walikula, ni kusema mukuba uliwalisha. Lakini kwetu mtu anakula ufalme pia, na tunafikiri maana hiyo haikuwa mbali.

Mukuba ulitoka ukiwa msalaba, handa. Kule Sanga, ku ziwa Kisale (tusichanganye na kabila la Basanga), Jacques Nenquin alichimba makaburi mwaka 1957, na Pierre de Maret akafuata katika miaka ya 1970. Misalaba inaonekana mule tangu karne ya 14. Kwanza ni mikubwa na michache, imelazwa ku kifua cha maiti. Kisha inakuwa midogo na mingi, karibu na mikono na kiuno: imekuwa feza. Mwaka 1960 misalaba mitatu iliwekwa juu ya bendera ya Katanga. Wengine wakiiona wanakumbuka fahari, wengine vita na wafu wao. Handa yenyewe ilikuwa na miaka mia nyingi mbele ya ugomvi ule.

Kuna kitu cha zamani kuliko handa. Katika kaburi moja la Upemba, la kati ya karne ya 8 na ya 10, nyundo ya chuma ililazwa karibu na kichwa cha marehemu, pamoja na shoka la heshima. Mila ya Baluba inasema Kalala Ilunga njo alileta ufundi wa chuma, na katika kutawaza mfalme wa Baluba nyundo inatajwa na kupigwa. Miaka elfu moja, na nyundo haijatoka mukononi mwa mfalme.

Leo mafundi wa Lubumbashi wanapiga sahani za mukuba na kuchonga malakite. Kazi nzuri, tunaisifu. Lakini jiwe lenyewe? Mucimbaji wa leo analiuza mbichi, ndani ya mufuko, bei ikipangwa na mununuzi. Nkambo hakuuza jiwe. Aliuza handa, na bei aliijua yeye.

Misalaba iko mu Makumbusho ya Taifa hapa hapa mujini. Mwalimu anaweza kupeleka darasa lake asubuhi moja tu.