Uwanja wa farasi na kartie za kando yake: habari ya Nairobi kwa msomaji wa Mugunga

Kwetu Mugunga farasi ni mnyama wa kitabuni. Wanafunzi wanajua kumchora, wanajua jina lake kwa Kifaransa, lakini ukiuliza nani amekwisha kumgusa, hakuna mkono unaoinuka. Mbung'o wa bonde la Kongo walimkataa mnyama huyu tangu zamani, na huku juu, hata pasipo mbung'o, mawe ya volkano yangemaliza kwato zake kwa muda mfupi. Farasi wetu ni chukudu: mti wa mkaratusi, magurudumu mawili yaliyovikwa mpira wa gari, na kijana mwenye kifua. Anapoteremka toka Kibumba na magunia ya viazi, wenzake wakimfukuza nyuma, wapita njia wanapiga kelele sawa vile wako kwenye mashindano. Si bure mji wa Goma ulimjengea sanamu kubwa yenye rangi ya dhahabu.

Sasa mtu atauliza: mbio za farasi zinatuhusu nini, na tena katika kitabu cha mila? Jibu langu ni kwamba farasi mwenyewe si shida yangu sana. Shida yangu ni uwanja, na watu wanaokaa kando yake. Uwanja wa farasi ni ardhi kubwa, tambarare, yenye majani, ambayo siku nyingi za juma inalala tu. Na kandokando yake, mara nyingi, watu wamebanana. Mugunga inaelewa habari ya namna hiyo. Hapa palikuwa mahali pa mawe na vichaka kwenye njia ya Sake, na katika Julai 1994 pakajaa mahema ya wakimbizi toka Rwanda mpaka jicho linachoka. Katika Novemba 1996 kambi ile ikavunjika kwa siku chache. Makambi mengine yakaja baadaye, ya ndugu zetu wa Masisi na Rutshuru, mpaka yale yaliyoanza 2022 na kuondolewa mwanzoni mwa 2025. Kwa hiyo neno «ardhi tupu» huku kwetu tunalisikia kwa tahadhari.

Mbio kubwa za farasi, kwa namna zinavyojulikana leo duniani, zilipangwa na Waingereza. St Leger ilianza 1776, Oaks 1779, Derby 1780. Derby inakimbiwa pale Epsom, karibu na London, na farasi wa miaka mitatu tu, mwendo wa kama mita 2,400. Tajiri alikaa jukwaani, lakini kilima cha Epsom kilikuwa wazi, na maskini wa London walikuja kwa maelfu na vyakula vyao kutazama bila kulipa. Mnamo 1913 mwanamke Emily Davison, aliyekuwa akidai wanawake wapewe haki ya kupiga kura, aliingia katikati ya mbio hizo, akagongwa na farasi wa mfalme, akafa baada ya siku chache. Wafaransa nao wana Longchamp, pembeni ya Paris, uwanja uliofunguliwa 1857; mbio yao kubwa, Prix de l'Arc de Triomphe, inakimbiwa tangu 1920. Wale wanaocheza pari huko Mali au Cameroun juu ya farasi wasiowahi kuwaona, wanacheza juu ya mbio za Ufaransa.

Waingereza walipofika Kenya walibeba majina hayo kama mtu anavyobeba sufuria anapohama. Ndiyo maana kuna Kenya Derby, Kenya Oaks, Kenya St Leger. Reli ilifika Nairobi katika Mei 1899. Miaka michache tu baadaye, wakati Nairobi bado ni matope na mabati, walowezi walikuwa wamekwisha kupata uwanja wa mbio. Wengine walianza na farasi wadogo wa Somalia na Ethiopia, walioletwa kwa miguu toka kaskazini, kabla ya kuleta farasi wa damu toka ng'ambo. Angalia mpango wenyewe: mahali pa kuchezea farasi palipatikana upesi, lakini mfanyakazi Mwafrika alingoja miaka zaidi ya ishirini kabla ya serikali kumpimia kartie yake.

Uwanja huo wa kwanza ulikuwa mashariki ya mji, upande wa Kariokor na Eastleigh. Hapo ndipo historia inatugusa sisi wa Kivu. Jina Kariokor ni Carrier Corps iliyotafunwa na ulimi wa Kiswahili: jeshi la wapagazi. Katika Vita Kuu ya 1914–1918 Waingereza walikusanya hapo watu wa kubeba chakula na risasi za askari waliopigana na Wajerumani wa Tanganyika. Kwa nini watu, na si wanyama? Kwa sababu wanyama walikufa. Mwaka wa 1916 jenerali Smuts alipeleka wapanda farasi wa Afrika Kusini mpaka Kondoa, na farasi wakaanguka kwa maelfu juu ya mbung'o na mvua. Mzigo wa farasi ukapanda kichwani mwa mtu. Kwa hesabu ya Waingereza wenyewe, wapagazi wao waliokufa katika vita hiyo ya Afrika ya Mashariki walipita 40,000, wengi kwa kuhara na njaa, si kwa risasi.

Upande wetu ilikuwa hivyohivyo. Force Publique ya Jenerali Tombeur, iliyopita Kivu na Rwanda na kuingia Tabora katika Septemba 1916, ilibebewa mizigo na babu zetu. Shuleni tunafundisha ushindi wa Tabora kwa tarehe. Wapagazi hawana tarehe. Nairobi angalau wana kartie yenye jina lao, na soko linalojulikana kwa vikapu na nyama ya kuchoma. Kwetu sijui avenyi hata moja.

Basi kambi ya wapagazi na uwanja wa farasi vilikuwa majirani. Baada ya vita mji ulikua kuelekea huko. Eastleigh ilianzishwa rasmi 1921, Wahindi na Wasomali wakajenga. Pumwani ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama mahali pa Waafrika, huku vijiji vyao vya zamani vikivunjwa kimoja kimoja. Kijiji cha Pangani kilikuwa cha mwisho, mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenye nyumba wakaambiwa waende kwenye kartie mpya ambayo watu waliiita Shauri Moyo. Jina hilo linatosha kueleza namna walivyohama. Wazungu wao walikuwa wakipanda kwenye vilima vya magharibi, penye hewa nzuri. Wenye farasi wakajikuta wanavuka kartie za watu wengine ili kufika kwenye mchezo wao.

Ndipo mwaka wa 1954 mbio zilihamishwa kwenda barabara ya Ngong, magharibi, kando ya msitu. Uwanja huo wa Ngong ndio unaotumika mpaka leo. Lakini msomaji aweke mwaka huo kando ya jambo lingine. Tarehe 24 Aprili 1954, katika hali ya hatari iliyotangazwa juu ya Mau Mau, wanajeshi na polisi waliuzunguka mji wa Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil. Kartie za Waafrika za mashariki zilipekuliwa nyumba kwa nyumba. Watu zaidi ya 20,000, zaidi Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakapelekwa kizuizini, wengi katika makambi ya Langata, Manyani na Mackinnon Road. Sisemi kwamba hili lilileta lile. Uwanja haujengwi kwa wiki moja. Ninasema tu kwamba katika mwaka mmoja, farasi walipewa nafasi pana zaidi magharibi, na majirani zao wa zamani wa mashariki walipandishwa kwenye malori. Katika vitabu vya michezo utasoma la kwanza, katika vitabu vya siasa utasoma la pili, na ni shida kupata kitabu kinachoyaweka kwenye ukurasa mmoja.

Nilipoeleza habari hii darasani, mwanafunzi mmoja wa nyuma aliuliza: «Mwalimu, na batu ba pale pembeni, banaingiaka?» Swali la maana kabisa. Katika ukoloni Mwafrika aliingia zaidi kama saisi, yaani mtunza farasi, au kama mkata majani. Leo mlango uko wazi kwa kila mwenye kulipa, na Wakenya wanakuja Jumapili na familia zao. Wapanda farasi Waafrika wamekwisha kuzoeleka. Lakini maarifa ya farasi yalikuwa mikononi mwa Waafrika zamani hata kabla ya hapo. Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kupata leseni ya kufundisha farasi akiwa na miaka kama kumi na nane, alishinda Kenya St Leger ya 1926 na farasi Wise Child. Dunia inamjua zaidi kwa sababu mwaka wa 1936 aliruka peke yake na ndege juu ya Atlantiki, toka Uingereza mpaka Canada. Nyuma yake, alfajiri, kwenye mazizi, alikuwapo arap Ruta, Mnandi waliyekua pamoja tangu utotoni. Jina la Ruta limebaki kwa sababu Beryl aliandika kitabu na kumtaja. Masaisi wengine wengi hawakuwa na mtu wa kuwaandika. Beryl mwenyewe alimaliza maisha yake 1986 katika nyumba ndogo kwenye uwanja uleule wa Ngong.

Na pembeni ya uwanja wa Ngong kuna nani? Kuna Ngando, kartie ya mabati na vyumba vya kupanga. Mbele kidogo, ukirudi kuelekea mji, kuna Kibera, ambayo jina lake linatoka kwa Wanubi: kibra, yaani pori. Hao walikuwa askari wenye asili ya Sudani katika jeshi la Waingereza, waliopewa kukaa hapo mwanzoni mwa karne ya ishirini. Mwaka wa 1918 eneo hilo lilitangazwa kuwa ardhi ya jeshi, karibu ekari 4,200. Walipewa kukaa, hawakupewa karatasi. Kila serikali ilikata kipande chake, wapangaji wakaongezeka, pori likawa mji. Ni katika Juni 2017 tu ndipo Wanubi walipokabidhiwa hati ya pamoja: ekari 288. Msomaji mwenye parseli Mugunga isiyo na hati ya Leta atafanya hesabu hiyo bila kusaidiwa.

Nieleweke vizuri. Siwalaumu wanaopenda farasi. Mbio ni kitu kizuri, na mnyama yule akinyoosha shingo hata mtu asiyejua kitu atasimama. Tena uwanja umeokoa majani katika mji ambao ungejenga ghorofa mpaka juu ya kaburi. Ukienda Dubai, ambako wafanyabiashara wetu wa Goma wanafuata bidhaa, utakuta uwanja wa Meydan uliofunguliwa 2010 penye jangwa, ambako Dubai World Cup inapiganiwa kwa mamilioni ya dola. Kando yake wamejenga hoteli na nyumba za bei, kwa makusudi. Pale kartie ilichorwa pamoja na uwanja. Mimi binafsi napata hapo uvivu wa kuandika, kwa sababu hakuna jirani wa kuulizwa kitu.

Namna nyingine kabisa iko Lamu, kwenye pwani ya Kenya. Mji wa zamani wa Lamu una vichochoro ambamo gari haliwezi kupita, na punda ndiye lori. Wakati wa Maulidi, na katika tamasha la utamaduni lililoanza miaka ya 2000, wanashindanisha punda. Hawana uwanja. Wanakimbia ufukweni, mbele ya nyumba za mawe, na vijana wanaopanda hawana tandiko wala kofia ya chuma. Kina mama wanatazama toka madirishani, wazee toka kwenye baraza zao, na asiye na shilingi anaona sawa na mwenye nazo. Mashabiki wanamjua punda kwa jina na kwa mwenye kumlisha. Mshindi anazungushwa mji mzima kwa vigelegele. Kesho yake asubuhi anafungwa tena vikapu mgongoni, anashuka gatini kuchukua mchanga na mawe ya kujengea.