Historia ya Mawaridi ya Isparta

Waridi halikuwa zao la asili la Isparta, mji wa nyanda za juu kusini-magharibi mwa Uturuki. Katika karne ya 19, waliosifika kwa mafuta ya waridi katika Dola ya Uthmaniya walikuwa watu wa Kazanlak, ambayo leo iko Bulgaria. Huko ndiko Müftüzade İsmail Efendi alikotoa miche aliyoipanda Isparta mwaka 1888. Mafuta ya kwanza aliyapata 1892. Miaka minne ya kulea vichaka visivyomlipa kitu! Mji huu haujalimaliza deni lake kwa mtu huyo.

Kilimo kikaenea vijijini, na mwaka 1954 wakulima wakaunda ushirika wao, Gülbirlik, ambao hadi leo hununua maua na kuyakeneka.

Mavuno huanza Mei na kuendelea hadi Juni. Wachumaji huingia shambani alfajiri, umande haujakauka, kwani jua likipanda mafuta hupungua ndani ya ua. Ua hukatwa kwa vidole, moja moja, miiba ikichoma mikono, kisha magunia hukimbizwa kiwandani siku hiyohiyo. Huko maua huchemshwa na maji ndani ya mitungi mikubwa. Mvuke hupita bombani, ukapozwa, na juu ya maji yake huelea utando mwembamba wa mafuta. Kilo 1 ya mafuta hula karibu tani 4 za maua. Sehemu kubwa huuzwa nje, Ufaransa ikiwamo, kwa watengenezaji wa manukato. Madukani mjini mgeni hukuta zaidi marashi, sabuni na jamu ya waridi.

Kwa chakula, fahari ya mji ni fırın kebabı: nyama ya mbuzi au kondoo iliyookwa kwa saa kadhaa katika tanuri la kuni, ikilainika kwa mafuta yake yenyewe, bila viungo vingi. Harusini hupikwa kabune, wali wa nyama na dengu.

Nje ya mji kuna ziwa Eğirdir, na Yalvaç yenye magofu ya Antiokia ya Pisidia, alikohubiri Mtume Paulo. Lakini ukitaka kuyaona mawaridi, usiende Agosti. Nenda mwishoni mwa Mei, ulale kijijini, na uamke pamoja na wachumaji.