Mkaratusi na Makaratasi

Jamani, mkaratusi nani asiyeujua? Ukishikwa na mafua bibi anachemsha majani yake, unajifunika blanketi, unajifukiza mpaka jasho linakutoka. Tumeuzoea hadi tunadhani ni mti wetu. Si wetu. Kwao ni Australia, na huko kuna aina moja ambayo historia yake inanikera kila nikiikumbuka.

Kitaalamu inaitwa Eucalyptus camaldulensis. Mbao zake ni nyekundu, basi hapa nitauita mkaratusi mwekundu. Hakuna mkaratusi mwingine ulioenea Australia kuliko huu, na ukiutaka fuata mito. Hata jangwani, mahali mto umebaki mchanga mtupu, utaukuta umesimama ukingoni. Msitu wake mkubwa kuliko yote duniani ni wa Barmah na Millewa, kando ya mto Murray, mpakani mwa majimbo ya Victoria na New South Wales. Una hekta kama 66,000.

Msitu huo huishi kwa mafuriko. Mvua za majira ya baridi zikinyesha na theluji ya milimani ikiyeyuka, mto hufurika na maji kutuama katikati ya miti. Yakipungua, mbegu huota kwenye tope. Miti mizee hupata matundu ambamo kasuku hutaga, na tundu la kumtosha ndege huweza kuchukua zaidi ya miaka 100 kutengenezeka.

Wenyeji wa hapo ni Wayorta Yorta. Walipohitaji mtumbwi walibandua gome refu kwenye shina moja, wakauacha mti uendelee kuishi. Hawakuuangusha. Kovu likabaki, na miti yenye makovu hayo ipo hadi leo.

Halafu wakaja watu wa daftari. Mwaka 1832 Mjerumani Friedrich Dehnhardt, mtunza bustani mjini Naples, aliuandika mti huu katika orodha ya mimea ya bustani ya Camaldoli, huko huko Naples, ambako ulikuwa umepandwa. Ndiyo hiyo camaldulensis! Mti wa Murray unatembea na jina la bustani ya Italia. Jina walilouita wenyewe halikuingia kwenye orodha.

Baada ya jina, ardhi. Mwaka 1841 mfugaji Edward Curr alifika na kondoo wake katika nchi ya Wayorta Yorta. Mwaka 1853 meli za mvuke zikaanza kupita Murray, zikila kuni za msitu. Gati la Echuca, lililojengwa 1865, ni la mbao hizo hizo nyekundu, na reli nazo zikataka mataruma. Mwaka 1936 bwawa la Hume likakamilika, na majira ya mto yakageuzwa: maji yaliyokuwa yakifurika msituni yakafungiwa, yakaachiwa kiangazi kwa ajili ya mashamba. Msitu ukakosa maji wakati unayahitaji, ukapewa wakati hauyataki. Ukame mkali uliodumu mpaka 2009 ulipokuja, mikaratusi mingi ilidhoofu na mingine ikafa.

Sasa sikiliza kesi. Mwaka 1992 Mahakama Kuu ya Australia ilikubali, katika kesi ya Mabo, kwamba wenyeji walikuwa na haki ya ardhi kabla ya Mwingereza. Wayorta Yorta wakafungua madai yao 1994. Desemba 1998 Jaji Howard Olney akawaambia kwamba mkondo wa historia umekwisha kuisomba haki yao, maana mila za mababu waliziacha zamani. Alijuaje? Aliyapa uzito mkubwa maandishi ya Curr, yule yule mfugaji, kuliko maneno ya wazee waliosimama mbele yake. Tena mwaka 1881 wanaume 42 walikuwa wamemwandikia gavana wa New South Wales wakiomba ardhi ya kulima. Ombi hilo nalo likageuzwa ushahidi dhidi ya wajukuu zao! Unanyang'anywa shamba, unaomba kipande cha kulishia watoto, kisha unaambiwa kule kuomba kunaonyesha umeacha asili yako. Desemba 2002 Mahakama Kuu ikaitupa rufaa yao.

Mwaka 2010 msitu ulifanywa hifadhi ya taifa pande zote mbili za mto, na upande wa Barmah Wayorta Yorta wakapewa bodi ya kushiriki kupanga usimamizi wake. Ni hatua, sikatai. Lakini kusimamia si kumiliki.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi nauliza, daftari ni lipi? Wayorta Yorta walikuwa nalo, limeandikwa kwenye gome la mti, na halijafutika. Tatizo ni kwamba mwenye kuhukumu alizoea kusoma kwa wino tu.

Nasi tusiwacheke. Vijijini kwetu ni mashamba mangapi ambayo mpaka wake ni mwembe uliopandwa na babu, na hati yake ni kaburi la bibi? Siku akija mtu na karatasi yenye mhuri, akatuambia historia imetupita, tutamwonyesha nini?